Chuma Juu ya Kitambaa

Fundi alitandaza kitambaa cha kijani mezani. Akaweka chuma juu yake ili kisiteleze. Akashika chaki, akaanza kuchora suruali ya mwanajeshi.

Kazi ilikuwa tele. Kambi ya jeshi ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu, na suruali za kambini zilikuja na viuno vya watu wawili. "Hii wamempimia tembo?" mume wake alipenda kusema.

Walihama jiji kuu miezi miwili iliyopita. Kodi ya kule iliwashinda. Katika mji huu, kwa kodi ya chumba kimoja cha kule, walipata vyumba vitatu na ua. Lakini Fundi aliona haya. Ndugu zake aliwaambia kwamba mume wake amehamishwa kikazi. Majirani aliwasalimia kwa mbali, kisha akafunga mlango wasije wakamuuliza kilichomleta. Nao wakampa jina: Bibi Jiji.

Asubuhi hiyo jirani yake, Dobi, aliingia na kikapu cha nguo.

"Hodi, Bibi Jiji! Nimekuletea viuno vya kupunguza, na leo sitoki mpaka unichekee..."

Macho yake yakatua mezani.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Chuma hiki? Cha kukandamizia kitambaa tu. Kizito, kimetulia."

"Usikiguse! Weka chaki chini. Polepole. Tutoke."

"Lakini dada, nguo za watu..."

"Nguo zitangoja. Toka!"

Barabarani, Dobi alikuwa anahema. "Lile ni kombora ambalo halijalipuka. Wanajeshi wanapiga kule kwenye uwanja wa shabaha, mengine yanaanguka yakalala tu. Linaweza kulala miaka. Siku likiguswa vibaya, basi. Mtaa huu hata mtoto wa chekechea anajua. Wewe hukuambiwa?"

Nani angemwambia Fundi, na mlango wake ulikuwa umefungwa?

Dobi akapiga simu kambini. Wanajeshi walikuja, wakawatoa watu wote majumbani. Bibi kizee mmoja alibebwa pamoja na kiti chake. Mwanamke mwingine alifoka kwamba maharage yake yataungua. Wote wakasimama mwisho wa barabara, wakimtazama Fundi.

Sajini wa kutegua mabomu alimsogelea. "Mama, ulikiokota wapi?"

"Nilikikuta ndani ya nyumba."

Ulikuwa uongo. Alikiokota karibu na uwanja wa shabaha, alipokwenda kukata majani ya kufanyia ufagio. Aliipita bendera nyekundu akidhani ni alama ya shamba la mtu.

"Ni hiki kimoja tu?"

Vilikuwa viwili. Cha pili alimpa binti yake juzi apeleke shuleni, kizuie mlango wa darasa usibamizwe na upepo. Mwalimu alimsifu sana.

Aliwatazama watu. Akisema, atauficha wapi uso wake?

"Ndiyo," akasema. "Kimoja."

Sajini akageuka. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu.

"Nimedanganya!" Fundi akapiga kelele. "Viko viwili! Kingine kiko shuleni, mlangoni pa darasa la tano!"

"Mwanangu yumo humo!" mama wa maharage akalia. "Mwanangu yumo, wewe mwanamke!"

Dobi alikuwa ameshampigia mwalimu mkuu. "Mwalimu, watoe watoto sasa hivi! Darasa la tano wapitie mlango wa nyuma. Kile chuma mtu asikikaribie!"

Watoto wote walitoka salama. Alasiri, vyuma vyote viwili vililipuliwa katikati ya uwanja wa shabaha. Vioo vya madirisha vilitetemeka mtaa mzima. Fundi alijifunika uso kwa mtandio. Binti yake alisimama kando yake.

Kabla ya kuondoka, Sajini alisema na watu wote. "Ukiona chuma usichokijua, usikiguse, usikisogeze, usikirushie jiwe. Rudi kwa njia uliyojia. Wazuie wengine. Piga simu kambini au polisi. Na bendera nyekundu ikipepea, usipite."

Jumatatu Fundi alikwenda shuleni na Dobi. Akasimama mbele ya wanafunzi, akarudia maneno hayo. Mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Mama, kwa nini ulisema kimoja?"

"Niliona aibu," akasema Fundi. Watoto hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Baada ya wiki mbili, muuza vyuma chakavu alimletea suruali.

"Ipunguze kidogo."

"Wapi? Mbona inakutosha?"

Mwanamume akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Fundi, nyuma ya nyumba yangu nina vitatu. Kama kile chako. Nilitaka kuvikata kwa msumeno niviuze. Nikisema, mtaa utanicheka."

"Utakucheka," Fundi akasema. "Mimi mpaka leo uso unawaka nikipita pale shuleni. Wa nyumbani kwako wametoka?"

"Bado."

Fundi akainuka kwenye cherehani, akachukua simu. "Mwambie mkeo atoke na watoto sasa hivi, na majirani pia. Halafu tunapiga kambini. Wataniuliza viko kwa nani. Niseme nini?"

Yule mwanamume aliinamisha kichwa.

"Lete simu," akasema. "Nitasema mwenyewe."