Aliyeketi Kwenye Kiti cha Kasian

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya Tosamaganga Fanueli alipoingia kwenye mianzi kugema ulanzi wa jioni, pombe ya mianzi. Kazi yenyewe haina maajabu. Unatoa mbeta, kopo la mwanzi lililojaa, unakata ncha ya chipukizi kidogo ili maji yaendelee kudondoka, unarudisha mbeta, unahamia mwanzi wa pili. Mtu mzima kama yeye angeweza kuifanya huku anasinzia. Ila siku hizi alikuwa anagema mashamba mawili, la kwake na la rafiki yake Kasian, kwa sababu Kasian walikuwa wamemzika juzijuzi tu, na mjane hawezi kulea watoto na kupanda mianzi kwa wakati mmoja.

Ndege wakanyamaza.

Wote, kwa pamoja.

Kisha ikaja harufu... Pumba. Pumba za mahindi zilizolowa, na chini yake udongo mbichi.

"Mkono wako bado mwepesi," sauti ya mwanamke ilisema nyuma yake.

Fanueli hakugeuka. Sauti ile angeitambua hata usingizini, na mara nyingi aliisikia hukohuko. Ilikuwa ya Mama Damari wa Mbeya. Zamani mwanamke huyu alikuwa akitaja jina la mtu, na Fanueli anakwenda kumuua. Tusizungukezunguke, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakutumia panga wala bunduki. Alikwenda kwa mtu na pombe ya zawadi, akaionja yeye kwanza kama adabu inavyotaka, kisha akampa mwenyeji kikombe, na katika kumpa akachovya kidole gumba. Chini ya ukucha kulikuwa na unga. Nani atamshuku mgeni aliyeonja mbele ya macho ya watu? Mwenyeji alikufa baada ya siku kadhaa, wakalaumiwa majirani na mawifi.

Alipochoka alikimbilia Iringa, akakata kucha, akabatizwa. Msimamizi wake wa ubatizo alikuwa Kasian, na Kasian peke yake ndiye aliyeambiwa yote. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Nimiminie. Na usionje." Akanywa mpaka chini, akajifuta mdomo, akauliza kama Fanueli anaona dalili ya mvua. Tangu siku hiyo Fanueli alimpenda mtu yule kuliko ndugu wa tumbo moja.

"Niliacha, Mama," alinong'ona.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na mtu wa kukubembeleza."

Mianzi ikasogea. Akatoka Kasian, ndani ya suti ya kijivu waliyomzikia, udongo mabegani, pumba kwenye midomo. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu.

Msukule.

Kumbe kule kaburini walizika gogo la mgomba! Walilililia, wakalishushia misalaba na maua, na Padri akalinyunyizia maji ya baraka.

"Kasian," Fanueli aliita. "Kasian, ndugu yangu..."

Kasian alitafuna pumba zake.

"Kuna mzee anaitwa Sedekia, anakaa Soweto, Mbeya," Mama Damari alisema, huku anasafisha viatu vyake kwa jani. "Kikombe kimoja tu. Kikishanyweka, Kasian atapiga hodi nyumbani kwake, mzima, anaongea."

"Sedekia amekukosea nini?"

"Tangu lini wewe unauliza?"

Akamtia mkononi kifurushi kidogo cha kitambaa. Fanueli aliposhusha macho kukitazama na kuyainua tena, mianzi ilikuwa mitupu. Ndege wakaanza kulia.

Alisubiri ukucha uote. Katika siku hizo hakulala vizuri, na si kwa woga peke yake. Jambo moja lilikuwa linamkera. Damari ana vijana, ana watu wenye miguu yenye nguvu. Kwa nini amfuate mzee wa Iringa kwa mzee mwingine wa Mbeya? Jambo hilo alilibeba mpaka ndani ya basi, akapita nalo Mafinga, akapita nalo Makambako, na lilikuwa bado liko mapajani pamoja na dumu la ulanzi aliposhuka Mbeya. Mjane Blandina alikuwa amemfungia viazi vya njiani. Alimwambia anakwenda kumsalimia mgonjwa. "Rudi salama, shemeji," Blandina alimwambia, "na wewe usituache peke yetu." Maneno hayo aliyatafuna safari nzima kuliko viazi.

Nyumba ya Sedekia ilikuwa na mlango wa kijani na ua uliofagiliwa vizuri. Giza lilikuwa linaanza. Kutoka chumba cha nyuma ilisikika cherehani.

Tra-tra-tra-tra... Kimya. Tra-tra-tra...

"Ugonile, mgeni," mzee alimsalimu kwa Kinyakyusa. Alikuwa mwembamba, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi. Hakuuliza mgeni ni nani. Alilitazama dumu, akaleta kikombe kimoja cha bati. "Uliyeleta, onja."

Fanueli akamimina, akaonja, akamkabidhi. Kidole gumba kikachovya. Baada ya miaka yote ile kilichovya bila kuambiwa, na Fanueli alijichukia kwa kuona kinavyojua njia.

Sedekia alipokea kikombe, akakiweka mezani.

"Hata mimi nilikuwa nachovya hivyohivyo," alisema taratibu. "Damari amekushikia nani?"

Cherehani ikanyamaza.

"Sikuelewi, mzee."

"Unanielewa. Mimi alinishikia mdogo wangu, Ombeni. Akanituma kwa fundi cherehani wa Tukuyu, anaitwa Asukile, mtu mpole, ana watoto wanne. Nikampelekea pombe. Akanywa, akafa. Na kweli, Ombeni akarudi." Mzee akamsogelea sikioni. "Aliingia mlango huu. Akaniuliza cherehani yake iko wapi."

Fanueli alitupa jicho kwenye chumba cha nyuma.

"Ombeni alikuwa dereva wa lori, mwanangu. Hajawahi kushika sindano."

Pazia la chumba cha nyuma likafunguka. Alisimama pale mtu mnene, mzuri wa sura, mwenye futi ya kupimia shingoni. Akapiga magoti mbele ya Fanueli.

"Baba, kama unapita Tukuyu naomba nauli," alinong'ona. "Naitwa Asukile. Wanangu wananisubiri, na hawa wananiita Ombeni."

Jasho likamtoka Fanueli kwenye baridi ile ya Mbeya. Lakini hakuwa mtoto. Alikuwa amewaona watu wakilia kwa ufundi ili wasife. Mzee aliyejua kwamba mtu anakuja kumuua angeshindwa vipi kumpanga ndugu mwenye kichaa apige magoti? Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Na Ombeni mwenyewe?" aliuliza. "Roho yake iko wapi?"

"Sijui," alisema Sedekia. "Damari anarudisha mwili, na ndani yake anamtia aliyekunywa. Huyo mwenye mwili hakuniambia anampeleka wapi." Akakivuta kikombe karibu. "Mimi nimechoka. Ukitaka nitakunywa sasa hivi. Ila ujue atakayeingia nyumbani kwa huyo uliyeshikiwa ni mimi. Nitakula chakula chake. Nitalala kitandani kwake."

Mzee alikuwa ameshakishika kikombe kweli. Kope za mtu mwenye futi zilikuwa na machozi ya kweli. Fanueli akaamini, na alipoamini akaona kwamba yuko mahali pabaya kuliko pale alipokuwa anashuku.

Asipofanya kitu, Kasian atatafuna pumba mpaka mwisho wa dunia. Akifanya, Blandina atalala na mgeni. Basi afadhali mtu anayewapenda. Afadhali mtu anayejua kwamba Devota anaogopa radi, na Jofrey hali maharage, na kitindamimba Eveline hasinzii mpaka ashikwe sikio. Na tusimpambe Fanueli kupita kiasi. Chini ya huruma hiyo palikuwa na wazo jingine, la mtu aliyekula miaka mingi kwenye nyumba ya mwenzake kisha akarudi kulala peke yake. Alilisikia wazo hilo. Aliona aibu. Halikuondoka.

Akanyakua kikombe mbele ya Sedekia.

"Utanizika," alisema.

Akanywa mpaka chini.

*

Blandina alikuwa anasonga ugali aliposikia hodi. Alipofungua, mwiko ulimtoka mkononi.

"Yesu na Maria..."

Mlangoni alisimama Kasian, na suti yake ya kijivu. Ndani ya Kasian, nyuma ya macho yale, alikuwa Fanueli. Alijua ni yeye. Alikumbuka kikombe, akakumbuka tumbo lilivyomkata, kisha giza, kisha harufu ya mianzi. Sasa alimtazama Blandina kutoka urefu mpya, mikono mipya ikining'inia pembeni, mizito.

Blandina alimuuliza maswali huku amejibana ukutani. Walifunga ndoa kwa padri gani? Mbuzi wa harusi alitoroka akakamatiwa wapi? Alijibu yote, maana Kasian alikuwa mtu wa hadithi na alimsimulia kila kitu. Ndipo Blandina akamwangukia kifuani, akalia mpaka akaishiwa sauti. Watoto wakubwa wakamshika miguu. Eveline peke yake alibaki pembeni, kidole mdomoni.

Walimkalisha kwenye kiti chake. Blandina akamtengea ugali na mboga ya maboga.

"Ahsante, shemeji," alisema.

Blandina aliweka bakuli mezani. Kisha akacheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Shemeji? Mauti yamekuchanganya, mume wangu."

"Yamenichanganya," alikubali haraka.

Wakala. Nje upepo ulipita kwenye mianzi, ukatulia.

Hodi.

Polepole. Mkono dhaifu.

"Mama Devota... nifungulie."

Blandina akainuka, uso umechangamka. "Ni Fanueli! Naye karudi kutoka Mbeya. Atafurahi huyo!"

"Mama Devota," sauti iliendelea, "usiogope sura utakayoiona. Si mimi. Sijui nimevikwaje. Mimi ni Kasian, mumeo."

Mkono wa Blandina ukaganda kwenye komeo.

Chini ya mlango ikaingia harufu ya udongo mbichi.

Yule aliyeketi kwenye kiti cha Kasian alielewa. Damari alikuwa ametimiza ahadi yake na zaidi. Alikuwa amemrudisha Kasian kweli, ndani ya mzoga wa Fanueli uliozikwa Soweto, na alijua toka mwanzo nani atakunywa. Rafiki yake alikuwa nje kwenye baridi, amevaa mwili wake. Neno moja tu lilitosha. *Mfungulie, ndiye.* Ndilo alilolifuata Mbeya. Kwa ajili ya neno hilo alikunywa sumu.

Alitazama ugali. Alitazama watoto wanaomwegemea magotini, wana joto.

"Usifungue," alisema. "Fanueli amekufa. Nilimwona huko nilikokuwa. Huo ni mzimu unaotaka nyumba."

Blandina akarudi nyuma. Yeye akainuka, akasukuma komeo mpaka mwisho, kwa nguvu, kwa mkono wa Kasian.

Nje hakuna aliyegonga tena. Kulikuwa na mkwaruzo wa kitu kinachoshuka taratibu, mtu anayekaa chini, mgongo kwenye mbao. Halafu ikasikika sauti mbovu, imejaa mchanga, ikiimba kwa Kihehe kiwimbo ambacho Kasian alikuwa akimlazia Eveline.

Eveline alitoa kidole mdomoni. Akavuka chumba bila kumwangalia mtu, akakaa sakafuni, akauegemeza mgongo wake mdogo kwenye mlango, upande wa ndani. Akafumba macho.

Blandina alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mwanamume aliyesimama kando ya komeo.

"Sogeza taa," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nikuone vizuri."