Mahindi ya Mbwa wa Bernado

Mbwa wawili wa Bernado Mwikwabe walikufa katika wiki moja, na kilichowaua ni chakula cha nyumbani. Hawakurogwa. Wezi hawakuwatupia sumu. Walipikiwa, wakapozewa, wakawekewa kwenye bakuli lao.

Bernado na mkewe Getruda walikuwa wakulima karibu na Butiama. Walikuwa na ng'ombe sita, na hao walikuwa mahari ya mtoto wao Boniphace. Alikuwa amekwisha kukubaliwa ukweni, Bunda, kwa kina Esta, mchumba wake. Walisubiri mavuno tu. Lakini mwaka ule, 1987, wezi wa ng'ombe walikuwa wengi. Waliolinda zizi ni mbwa hao wawili, Polisi na Mtasema. Mtasema alipewa jina hilo ili majirani wasikie.

Miaka ya foleni ilikuwa imepita. Zamani ulisimama kutwa nzima dukani upate unga kidogo wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na mbwa alikula makombo kama yalibaki. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Malori yalishusha magunia mnadani, na kila mtu aliuza alichokuwa nacho. Mchuuzi mmoja alikuwa na mahindi yaliyonyeshewa njiani. Punje zilikuwa na ukungu wa kijani, na gunia lilinuka kama nguo iliyokunjwa mbichi.

"Haya ni ya mbwa, mzee," mchuuzi alisema. "Mbwa hajawahi kurudisha gunia."

Watu wakacheka. Bernado akacheka nao, akanunua.

Getruda alipofungua gunia alisita. Kisha akafikiri kama tunavyofikiri wengi huku. Sisi tunakula udaga. Mihogo tunaimenya, tunairundika na kuifunika mpaka iote ukungu. Tunaukwangua, tunaianika, tunaitwanga. Tumekua kwa ugali wake. Basi Getruda akayaosha mahindi yale, akayasugua, akayaanika juani mpaka yakang'aa. Watoto hakuwapa. Aliwapikia mbwa na paka wao, akachanganya na mchuzi wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ili chakula kiteremke vizuri.

Walikula vizuri kwa wiki kadhaa. Halafu Mtasema akaanza kuacha chakula. Bernado alimtania kwamba amekuwa mkubwa wa ofisi, anachagua. Akamwekea tena kilekile. Mtasema akatapika. Polisi naye akavimba tumbo, macho yakawa ya njano, kinyesi kikawa cheusi kama lami. Getruda akamkuta paka amekufa chini ya ghala. Mtasema akafuata. Polisi alijikokota mpaka mlango wa zizi, mahali alipolala siku zote, akafia hapo. Boniphace aliwazika, akakataa kusaidiwa.

Majirani walisema ni sumu ya wezi. Apolinary, bwana mifugo wa kata, alikuwa Musoma kikazi. Aliporudi alikuja kutoa pole. Alisikiliza habari zote, kisha akaomba kuona chakula cha mbwa. Getruda akamletea unga na mahindi yaliyobaki. Apolinary alivunja punje moja kwa kucha. Ndani ilikuwa nyeusi.

"Mama Boniphace, haya ndiyo yaliyowaua," alisema.

"Niliyasugua, Bwana Apolinary. Nikayaanika. Udaga si ndivyo tunafanyaga?"

"Udaga ni muhogo. Ukungu wake tunauotesha wenyewe kwa siku chache, na ukiharibika nao tunautupa. Ukungu wa mahindi unaacha sumu ndani ya punje. Huioni. Kuosha hakuitoi, jua haliitoi, moto hauitoi. Inakula ini pole pole."

Bernado aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mbwa anachaguliwa chakula kama mtu?"

"Ana ini kama wewe. Kama wewe huwezi kukila, usimpe. Wala usimpe kuku, wala ng'ombe. Ng'ombe akila, sumu inatoka kwenye maziwa."

Akawafundisha kuchagua. Mahindi yawe makavu, punje ilie kavu ukiing'ata, gunia lisinuke. Dagaa wawe wakavu na wanaong'aa, wasiwe na funza, na wapepetwe mchanga. Mbwa apewe ugali wa unga mzuri pamoja na dagaa au samaki, si ugali mtupu. Paka anahitaji samaki au nyama zaidi. Ugali peke yake haumtoshi. Samaki aliyeoza asipewe yeyote, na mifupa mikali ya sangara iondolewe. Maji safi yawepo kila siku.

Getruda alitazama mikono yake iliyoyasugua mahindi yale.

Siku ileile walichimba shimo wakafukia gunia. Bernado akaomba mtoto wa mbwa kwa ndugu yake wa Buhare. Mbwa alikuwa bado mdogo, analia akiachwa peke yake. Kabla hajajifunza kubweka, wezi walikuja. Hakuna aliyesikia kitu. Asubuhi zizi lilikuwa wazi na tupu, nyayo zimeelekea milimani. Boniphace na vijana wenzake walizifuata mpaka zikapotea kwenye mawe.

Mbwa yule amekua. Getruda huvunja punje kabla ya kusaga, na huwapepetea dagaa mbwa na paka mpya. Manyoya ya mbwa yanang'aa, macho yake meupe, na mgeni hafiki uani bila kubwekewa. Majirani nao wameacha kununua mahindi ya ukungu. Wezi hawajarudi. Lakini zizini hakuna cha kuiba.

Wazazi wa Esta walingoja msimu mmoja. Msimu wa pili wakamwoza kwa mtu mwingine.

Gunia lile lilichukua mbwa wawili, paka mmoja, ng'ombe sita, na mke wa Boniphace.