Simu Kumi na Saba

Foleni ya mapokezi ya hospitali ilikuwa imefika mlangoni pale skrini ya karani ilipoganda. Akagonga vitufe, akatikisa kipanya, wapi! Watu wakaanza kuguna.

"Dada, nikusaidie? Mimi ni fundi kompyuta," alisema mwanamume wa mbele, shavu limemvimba kwa jino bovu.

Karani alimtazama juu ya miwani. Alikuwa na gauni la kijani lenye kola nyeupe, na kicheko kimembana. "Fundi mwenyewe mbovu hivyo, utamtengeneza nani?"

Fundi akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akazunguka kaunta. Mashine ilikuwa ikitumia mfumo wa Linux. Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, skrini ikawa nyeusi, maandishi matupu. "Mashine yenyewe ni nzima. Kilichokwama ni hii sura ya madirisha na picha unayoiona kwenye skrini. Tunaisimamisha, tunaianzisha upya." Akaandika amri mbili. Picha zikarudi, karani akapiga makofi, na Fundi akamwachia namba yake ya simu, akasahau jino.

Kesho yake simu ya Fundi ikalia. "Shavu, mashine yako imeganda tena."

"Bonyeza vile vitatu, mpenzi... samahani, dada."

"Mpenzi inatosha. Haya, skrini imekuwa nyeusi. Niandike nini?"

Akamtajia herufi moja moja, naye akizirudia taratibu. Ikawa ndio mtindo. Kati ya amri ya kusimamisha na ya kuanzisha waliulizana mengi: umekula? mama ameamkaje? Fundi akawa anatembea barabarani anatabasamu peke yake kama chizi. Lakini ilimuuma pia. Simu kumi na saba kwa wiki sita! Fundi gani huyu ambaye mashine yake haiponi? Alimpenda, na aliona haya kutamka neno kabla hajaonekana mtu wa maana. Akaandika hatua zote kwenye karatasi, akampelekea kaunta.

"Chukua. Sasa huna haja ya kunipigia."

Uso wa karani ukashuka. "Kumbe nilikuwa nakusumbua."

"Kazi nyingi tu, unajua tena," alijibu, akidhani anajipandisha hadhi.

"Basi asante, Fundi."

Simu zikakoma. Fundi alipiga mara mbili, hakupokelewa, na kiburi kikamzuia kupiga ya tatu.

Baada ya mwaka hospitali ilimwita aandae mashine kwa karani mpya. Yule wa kwanza alikuwa amehamia mji mwingine. Akafungua kumbukumbu, mahali mashine inapojiandikia kila mara sura ile inapokwama na kuanzishwa upya, ili ajue ugonjwa ulikuwa nini. Akakuta mara moja tu. Siku ile ya jino.

Alisoma tena. Akachukua simu ya kaunta, akampigia yule karani wa kwanza.

"Hukuwa unabonyeza chochote."

"Sikuwa nabonyeza," karani akakiri.

"Mbona hukuniambia, mpenzi?"

"Usiniite hivyo. Nimeolewa mwezi uliopita." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata maini. "Mtu anapigiwa mara kumi na saba, Fundi. Nilikuwa nimebakiza kusema nini?"

"Nakupenda," alisema, mara yake ya kwanza, mbele ya foleni nzima.

"Umechelewa," akajibu, na Fundi akamsikia akilia kabla hajakata simu.