Abiria wa Kiti cha Nyuma

Gari la mkunga lilikuwa limeinama. Si sana, vidole vitatu tu, na mtu mwingine angelipita bila kuona lolote. Sikio alipima kwa utepe kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi la nyuma kulia, akapima na la kushoto, akarudia, kisha akakuna kichwa. Springi zilikuwa mpya, amezifunga kwa mkono wake juzi. Ndani hamkuwa na mtu wala mzigo. Na bado upande wa nyuma kushoto ulikuwa umekaliwa.

Walimwita Sikio kwa sababu hakuna mlio wa gari uliowahi kumshinda. Mafundi wengine walikimbilia kufungua injini. Yeye alilala chini na kipande cha mpira wa maji sikioni, akasikiliza, akanyoosha kidole. Wenye wivu walisema huyu anasikia hadi siafu wakigombana. Lakini mlio huu wa mkunga ulikuwa unamchezea kwa siku ya nne sasa. Kwii... kwii. Polepole, kama mtu mzito anayejiweka vizuri kitini. Alishapaka grisi kila panapopakika, akabadilisha bushi za mpira, akatoa mazulia, tairi la akiba, hata jeki kwenye buti. Kwii. Na kila alipofungua mlango wa nyuma alipokewa na harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Muda wa kuchezewa hakuwa nao. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi tisa, mkwe yuko safarini kikazi, na gari hili ndilo ambalo mkunga angemchukulia siku ikifika. Mama yake binti huyo alifariki akijifungua, wakiwa bado wanatafuta gari la kumpeleka hospitali. Sikio aliogopa sana, na hofu yake aliificha kwenye kazi.

Baada ya chakula cha mchana alirudia njia yake ya zamani. Tangu binti akiwa mdogo walifanya kazi hivi: binti kitini, baba chini ya gari anaamuru. Leo alimkataza, binti akacheka.

"Kukaa tu, Baba. Kukaa nako ni kazi? Tangulia, nakuja."

Akakubali kwa shingo upande. Akateleza chini ya gari, akaweka mpira sikioni. Baada ya muda kidogo akasikia uzito ukijiweka kitini, juu yake. Kwii.

"Sogea kulia," akasema.

Kwii. Gari likainamia kulia.

"Rudi kushoto."

Kwii.

"Sasa tulia kabisa."

Kimya. Sikio akatabasamu gizani mle, kwa sababu mlio unaotii amri ni mlio uliokwisha kupatikana. "Vizuri, mama," akasema. "Safari hii umekuwa mzito kweli."

Ndipo alipoona miguu. Miguu iliyovimba, ndani ya ndara za bluu, ikitoka mlango wa nyumba na kuvuka ua taratibu.

"Samahani, Baba," sauti ya binti yake ikasema. "Nilipitia msalani kwanza. Haya, nikae sasa?"

"Usiguse gari," Sikio akanong'ona. "Rudi ndani. Usiulize kitu."

Ndara zikasita, kisha zikarudi, na yeye akabaki amelala pale na jasho linamwingia machoni, akijiambia atoke, huku mikono imegoma kabisa kumsikiliza, na juu yake kile kilichokaa kikaanza kujisogeza chenyewe bila kuamriwa, kushoto, katikati, kulia, kikimtafuta aliko, na springi zikaanza kushuka kidogo kidogo hadi chuma baridi kikamgusa kifuani na ikambidi atoe pumzi yote aliyokuwa nayo ili apate nafasi ya kujivuta nje.

Mkunga alipofika saa kumi, alimkuta amekaa juu ya tairi kuukuu, mbali na gari. Sikio akamweleza kwa sauti ya chini. Mama huyo hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi fundi.

"Umemsemesha?" mkunga akauliza.

"Nani?"

"Nijibu kwanza. Umemsemesha?"

"Nimemwamuru. Akanitii."

Mkunga akafunika mdomo kwa kiganja. "Mwezi uliopita mwanamke alinisimamisha njiani, mchana kweupe. Akaingia nyuma, kimya. Nilipogeuka kumwuliza anakokwenda, kiti kitupu na gari limeinama. Mganga akaniambia huyo ni jini, hana neno na asiyemsemesha. Akisemeshwa na mtu, humtii mtu huyo, na hamwachi tena."

"Na ukaniletea mimi."

"Nilidhani utafunga springi tu, unirudishie gari langu. Nina akina mama wananisubiri."

"Ungeniambia."

"Ungelipokea?"

Kabla hajajibu, ndani ya nyumba binti alilia. Mkunga akaingia mbio. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mtoto amekingama tumboni. Hapa siwezi. Hospitali, na iwe sasa hivi."

Teksi waliyoipigia ilisema nusu saa. "Hatuna nusu saa," mkunga akasema.

Sikio akalitazama gari, akamkumbuka marehemu mkewe, akakata shauri. Akafungua mlango wa mbele, upande wa abiria.

"Njoo mbele," akasema.

Kwii. Nyuma pakainuka. Kiti cha mbele kikabonyea, na ile harufu ya udongo ikampiga usoni. Wakamlaza binti nyuma, kichwa mapajani mwa mkunga, na Sikio akashika usukani.

Njia nzima alisema, kwa sababu aliogopa kunyamaza, tulia, kaa hivyo hivyo, tazama mbele, na kila binti alipougulia kile kiti cha pembeni kililia naye, na mkanda wake ukajivuta wenyewe, sentimita kwa sentimita, kuelekea nyuma kwenye lile tumbo, hadi Sikio akasema kwa sauti iliyokauka, "Nimesema usigeuke," na mkanda ukasimama.

"Baba, unaongea na nani?"

"Na gari, mwanangu. Nalibembeleza."

Mkunga alifumba macho.

Walifika. Binti akaingizwa ndani kwa machela, na Sikio akakaa peke yake kwenye benchi la ukumbini, mikono imejaa grisi. Baada ya saa moja akasikia mtoto akilia, akalia naye bila aibu.

Muuguzi akatoka akicheka. "Babu, hongera. Wa kike. Mama na mtoto wote wazima. Ingia, anakuita umshike mjukuu."

Sikio akainuka. Ncha ya pili ya benchi nayo ikainuka, kwii, kwa pamoja naye. Akakaa. Nayo ikakaa. Muuguzi akakunja uso, akilitazama benchi.

"Ingia basi, babu."

"Nitakuja baadaye," akasema. Akampa ufunguo wa gari ampelekee mkunga. Kisha akageukia upande ule mtupu na kunong'ona, "Twende zetu. Humu si mwetu."

Akatoka kwa miguu. Dirisha la wodi lilikuwa wazi, na binti yake alimwona akivuka uwanja, akamwita. Akamwita tena, sauti imechoka lakini ina furaha. Sikio alimsikia vizuri sana, akaongeza mwendo.