Nilimketisha Mama Mahakamani

Mtu akikuibia kisha akasema hana kitu, je, wizi unakuwa umeisha?

Mama aliniuliza hivyo tukitoka Kisumu kurudi nyumbani, miaka ya themanini ikiishia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina digrii, nikajifanya nimelala...

Wasomaji wenzangu, naandika nikiona haya. Chuoni nilijulikana kwa kubisha. Niliwabishia wahadhiri, nikawabishia wahubiri, nikaibishia hata serikali! Mama yangu, mjane, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Usenge. Omena hizo ndizo zilizonisomesha.

Kwetu omena huvuliwa wakati wa giza la mwezi. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi hupumzika, na hapo ndipo wanunuzi waliochukua kwa mkopo huwalipa akina mama. Bwana Owuor, mwenye duka Kondele, Kisumu, alikuwa amelipa hivyo miaka mingi. Safari ile alikuja na lori, akazoa magunia yote ya Mama, akaapa, "Mama Akinyi, mwezi ukitoka tu, mimi niko hapa."

Mwezi ulitoka. Owuor hakuonekana. Tukasikia amefilisika na mahakama inamlinda. Hakuna wa kumgusa!

Tuliitwa mahakamani Kisumu, Owuor ahojiwe mbele ya jaji na wadai wake. Afisa wa mahakama alipotaja siku ambayo Owuor alipeleka ombi la kufilisika, Mama alinishika goti. Lori lilikuja Usenge baada ya siku hiyo!

"Nyara," alininong'oneza, yaani binti yangu, "huyu alijua. Alichukua omena yangu akijua hatalipa. Mimi nasimama nasema."

Akasimama. Akaanza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, nusu Kijaluo. Wanaume wenye tai wakacheka. Owuor naye akamtania, "Mama Akinyi, mimi sina hata sufuria. Utakamua nini hapa?"

Mwili wote ulinichoma. Mnadhani nilimkasirikia Owuor? La! Nilimwonea haya mama yangu... Nikamvuta gauni. "Kaa, Mama! Unaniaibisha. Sheria ishamlinda." Akakaa. Kisha nikamtoa nje kabla shughuli haijaisha.

Sheria yenyewe nilikuwa nimeisoma? Hata ukurasa mmoja! Mimi, mbishi wa kila kitu, hilo nililimeza zima.

Mama hakupata tena mtaji. Akawa kibarua wa kuanika omena za wenzake. Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana!

Ndugu zangu, mzazi wako akitaka kusema, mwache aseme. Usimfunge mdomo kwa sababu ya lugha yake. Na ukiambiwa sheria imekataa, usikubali kabla hujauliza mwenyewe.

Mama alikuwa ameshazikwa nilipokutana na mwanamke wa Katito ambaye Owuor alimchukulia mahindi kwa hila ileile. Yeye alisimama mahakamani siku ileile, sisi tulipokwisha kutoka. Alisema kwa Kijaluo kitupu, na mkalimani wa mahakama, aliyekuwa ameketi pale tangu asubuhi, akamtafsiria. Jaji akaamua kwamba deni la ulaghai halifutwi na kufilisika. Mwanamke huyo alilipwa deni lake lote.