Sauti Iliyosema Mpe Maziwa

Haya yalimpata khalati yangu Mwanatabu, dada yake mama, huko Utange. Tangu mumewe afariki na wanawe wahamie Maskati, alibaki na paka wake, Zari. Akipika, hupika kidogo. Akizungumza, huzungumza na paka.

Siku hiyo, baada ya alasiri, alikuwa uani akianua nguo. Zari akaja akipepesuka, mboni zimetanuka hadi macho yote yamekuwa meusi. Nyuma ya choo, mnanaha wenye maua meupe marefu ulikuwa umetafunwa. Khalati aliujua kuwa ni sumu. Akampigia simu Phineas, daktari wa mifugo wa Kisauni.

"Mama, usimtapishe, wala usimpe chochote. Mfute mdomo kwa kitambaa kibichi, mtie kikapuni, chuma jani moja uje nalo. Njoo sasa hivi."

"Nakuja, mwanangu."

"Na huyo mama uliye naye, mwambie asimpe maziwa."

"Mama gani?"

"Huyo anayenong'ona. 'Mpe maziwa, mpe maziwa.' Namsikia."

Khalati akageuka. Kamba na nguo tu.

"Niko peke yangu," akasema.

Phineas akashusha sauti. "Basi toka hapo, mama."

Akamfuta Zari mdomo. Paka hakumtazama. Alitazama juu ya bega lake, kichwa kikigeuka polepole, kikifuata kitu. Kisha kichwa kikatulia. Kitu kilikuwa kimesimama.

Khalati hakutazama nyuma. Akachuma jani, akabeba kikapu, akatoka. Mlango hakuufunga.

Zari alilazwa, akatiwa maji ya mishipa. Lile jani lilimsaidia Phineas kujua dawa, na paka akapona. Mimi ndiye niliyewarudisha nyumbani. Nikavaa glavu, nikaung'oa mnanaha na mizizi yake.

"Khalati, hamia kwetu Port Reitz."

"La." Akainama. "Miaka yote hii sijasikia mtu akisema humu ndani. Sasa yupo," akanong'ona.

Nikalala huko huko.

Asubuhi Zari alitoka chumbani, akajinyoosha juani. Shingoni alikuwa na kitu. Nikamshika. Ulikuwa msokoto mwembamba wa nywele za mvi, ndefu, umefungwa fundo kwa ustadi.

Nywele za khalati ni fupi, tena amezitia hina.

Niliukata kwa makasi. Ulikuwa umelowa mafuta ya nazi, na bado una joto.