Suruali Mia Mbili Bila Vifungo

Mimi ndiye niliyelivisha jeshi la nchi hii. Sawa, niliyelishonea vifungo vya suruali. Lakini niambieni, askari asiye na kifungo atamkimbiza nani, na mkono mmoja umeshika kiuno?

Kila alasiri mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili alitoka shule, akaja karakanani kwetu kufagia vipande vya vitambaa chini ya vyerehani. Tulimwita Jemadari, maana hata ufagio aliubeba begani kama bunduki.

Siku hiyo Sajini, msimamizi wa sare kutoka kambini, alikuwa anamjaza maneno. "Majirani zetu wale wakituchokoza, siku tatu wamekwisha. Wana nini? Wachuuzi watupu."

"Hata siku tatu nyingi, mjomba," Jemadari akasema.

Fundi mkuu akaingia, barua mkononi. "Hao wachuuzi wamefunga mpaka. Hawatuuzii tena kitu. Shehena yetu ya vifungo imerudishwa."

Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja. Suruali mia mbili zilikuwa zinaning'inia ukutani, na gwaride la taifa lilikuwa keshokutwa. Tukishindwa, kazi ile inapewa wengine, na sisi wanawake tisa tunarudi nyumbani kupiga miayo.

"Bibi, vifungo vya jeshi letu vinatoka kwao?"

"Na uzi. Na sindano. Na mafuta ya gari la mjomba wako."

Mtoto akaketi palepale, juu ya takataka alizozikusanya. "Na hawajapiga hata risasi moja," akanong'ona.

Sajini akaanza kuzihesabu suruali za ukutani. Tangu nimjue, ilikuwa mara ya kwanza.

Jemadari akauinua ufagio wake. "Bibi, mpini huu tukiukata vipande vyembamba, si vitakuwa vifungo?"

Tukakusanya mafagio ya mtaani. Seremala wa jirani akakata, Jemadari akatoboa kwa keke ya mkono, chuma chembamba chenye ncha upande mmoja, mpaka viganja vikatoka malengelenge, sisi tukashona. Mafagio manane yaliisha. Mtaa mzima ukabaki unafagia umeinama. Suruali ya mwisho ilipata kifungo chake asubuhi yenyewe ya gwaride.

Fundi mkuu akamshika mtoto bega. "Bunduki hulinda mlango, mwanangu. Lakini ukiuziwa bawaba na jirani, yeye ndiye anayejua mlango utafunguka lini. Taifa halina nguvu kwa kupigana tu. Lazima lijue na kutengeneza."

Hapo mkuu wa kikosi akaingia kuzichukua sare. Akakigeuza kifungo kimoja mara mbili, tatu, haamini macho yake. "Nani kabuni hivi?"

"Vijana wangu, afande," Sajini akajibu, kifua mbele. "Kutoboa nimewafundisha mwenyewe."

"Vizuri. Toboa kimoja nione."

Sajini akaiokota keke mezani, akaikandamiza kwenye kipande cha mti kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka. Mti haukupata hata mkwaruzo.

Jemadari akamsogelea, akamnong'oneza kwa adabu, ila karakana nzima ilisikia: "Umeigeuza, mjomba. Hapo uliposhika ndipo penye ncha."